Siku ya Posho, Baada ya Saa Sita

Kila jioni Mbayo akifika nyumbani kutoka kazini, kabla hajasalimia mtu, huvua kofia yake na kuipiga kwenye mti wa mapera ulio mbele ya mlango. Paa, paa, paa. Unga mweupe unaruka, unashuka polepole juu ya majani makavu, na kuku wote wa nyumba wanakuja mbio, na kuku wa jirani nao, maana wameshajua saa yake. Kuna mmoja mwekundu, mbovu wa mguu, ambaye hufika wa mwisho kila siku na kila siku hukuta unga umekwisha. Mbayo akimwona humpigia kofia mara moja tena, yake peke yake. Ndipo anasema, "Wafwako," na watu wa nyumba wanaitikia.

Unga ule unatoka kazini. Kuna kinu kikubwa cha mahindi nyuma ya gare, stesheni ya reli ya Kamina, na Mbayo njo, yaani ndiye, anayeshona midomo ya magunia. Gunia linakuja limejaa, yeye anakunja mdomo wake, anaupitisha chini ya mashini ndogo inayoning'inia kwa mnyororo, uzi unakimbia, gunia linaanguka ubavu, linakuja lingine. Amefanya kazi hiyo miaka mingi hata vidole vyake haviulizi tena. Kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, utaviona vinakunja pindo la shati vyenyewe.

Ni mtu wa maneno machache. Mke wake Christelle, ambaye watu humwita Mama Numbi kwa jina la binti yao wa kwanza, husema kwamba Mbayo akitaka kusema jambo leo, analianza jana.

Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, lakini juu yake ni nyumba mbili: nusu imefunikwa manjanja, yale mabati ya mawimbi, na nusu ni majani. Upande wa majani njo wanapolala watoto. Kila mwaka mvua zikikaribia, Christelle anasogeza kitanda, na kila mwaka tone linakifuata.

Halafu kuna shamba. Liko upande wa njia ya Kaniama, mwendo wa kinga, yaani baiskeli, kama huna mzigo. Shamba hilo njo linalowalisha. Mahindi yake yakivunwa, nyumba haiugusi mshahara kwa ajili ya bukari, yaani ugali, mupaka mwaka ugeuke. Mshahara unabaki kwa shule, sabuni, dawa, na samaki wa siku kubwa. Mwaka shamba likikosa, mshahara wote unageuka bukari, na Mbayo anajikuta ananunua unga wa magunia aliyoyashona mwenyewe.

Kulima peke yako shamba la namna ile, na wewe uko kazini siku zote za juma, haiwezekani. Kwa hiyo nyumba tano za mtaa wao zinalima kwa zamu. Siku ya Jumamosi, ambayo huku wazee wanaiita siku ya posho, saa sita ikipita kila mtu anachukua jembe na wote wanaenda kwenye shamba la mmoja. Jumamosi inayofuata, la mwingine. Mwenye shamba anapika bukari na kuleta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, hakuna malipo mengine. Mwaka huo Nkulu, ambaye ndiye anayepanga zamu, alimweka Mbayo wa mwisho, kwa sababu shamba lake liko bondeni na udongo wake unashika maji, unaweza kungoja. Mbayo hakuona ubaya.

Zamu ilikuwa haijaanza bado wakati chef d'équipe, msimamizi wao, aliposimama juu ya rundo la magunia na kupiga mikono. Wagoni za treni zilizongojwa miezi zilikuwa zimefika gare. Zilitakiwa kujazwa upesi kabla hazijapelekwa kwingine. Kila Jumamosi, badala ya kumaliza saa sita, kazi itaendelea mupaka jua liende, na saa hizo zitalipwa kama supplémentaire, kwa bei ya juu kuliko saa za kawaida.

Watu walipiga kelele ya furaha. Bokungu, anayeshika magunia upande wa pili wa mashini ya Mbayo, hakupiga. Bokungu ni mtoto wa Base, kambi ya jeshi. Baba yake alikuwa askari kutoka jimbo la Équateur, akaletwa Kamina, akazaa, akabaki. Anachanganya Lingala na Swahili na anapenda kumchokoza Mbayo kwa sababu Mbayo hajibu.

"Ndeko, usifurahi bure," akasema. "Leta, serikali ile, unaiyua? Iko na mustari yake. Mushahara yako ikikaa chini ya mustari, wanakuachia. Ukiruka mustari, wanakukamata impôt, kodi ya nguvu, tangu franga ya kwanza. Utatumika mingi, utarudia na kidogo kupita mwenye alienda kulala."

"Nani alikuambia?"

"Bantu yote banayua. Minyi nilikuwa na mukubwa wangu ku Lubumbashi, alifanya supplémentaire mwaka muzima. Leo anauzisha mayai."

"Mayai njo kazi ya mubaya?"

"Aa, baba anasema leo!" Bokungu akacheka mupaka akaacha gunia linaanguka. "Andikeni tarehe!"

Jioni ile Mbayo alipiga kofia kwenye mti kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kuku walishiba. Kisha akaingia, akakaa, akaangalia juu, pale manjanja yanapokutana na majani.

"Sema tu," Christelle akamwambia. "Naona iko ndani inazunguka."

Akamweleza. Christelle alisikiliza huku anapepeta mchele.

"Na zamu ya mashamba?"

"Nitatuma makuta. Kila siku ya posho, bei ya mutu mwenye kulima kibarua. Hawatakosa kitu. Watalipa mutu, ama watanunua samaki ya kukulia. Ni sawasawa."

"Ni sawasawa?"

"Mikono ni mikono."

Christelle alitikisa ungo. Alipuliza makapi, akayaangalia yanaenda. "Minyi siyue," akasema. "Lakini kile kitanda ya batoto, nimechoka kukisukuma."

Ikawa hivyo. Jumamosi ya kwanza ilikuwa zamu ya Nkulu mwenyewe, na Christelle alienda na jembe lake na pesa za Mbayo zilizofungwa katika kona ya kitambaa. Nkulu alizipokea kwa mikono miwili. Hakusema kitu kibaya. Aliuliza tu, "Papa Numbi iko bien?" na Christelle akasema yuko bien. Jumamosi iliyofuata, zamu ya jirani yao Mwila, Christelle alikuwa na mtoto mwenye homa, akatuma pesa peke yake. Zilipokelewa. Ya tatu vilevile. Mbayo aliposikia zimepokelewa alitulia. Alikuwa anashona magunia huku jua la mchana linapita dirishani, na kichwani anahesabu manjanja: moja juu ya Numbi, moja juu ya wadogo, moja pale penye tone kubwa.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mbayo aliifungua bulletin ya mshahara pale pale mbele ya ofisi, na Bokungu akaja kuchungulia juu ya bega lake. Mstari wa supplémentaire ulikuwapo, mnene. Lakini mstari wa kodi nao ulikuwa umenenepa.

"Si nilikuambia?" Bokungu akapiga paja. "Angalia tumbo yake! Mwezi ulipita ilikuwa kama mutoto, sasa iko kama colonel!"

Watu wakacheka. Mbayo alikunja karatasi, lakini safari hii hakwenda nyumbani. Alingoja mupaka wengine waishe kuondoka, akabisha kwa Madame Léa, mama anayetengeneza mishahara. Watu humwogopa kwa sababu ya miwani yake, lakini ni mtu wa Luena, amekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kazi ya mikono anaijua.

"Mama, samahani. Nataka kuyua kitu moja. Hii saa ya zaidi, impôt inaikula yote?"

Madame Léa alitazama karatasi, akatazama mikono ya Mbayo, akamwonyesha kiti. "Ikala, Papa Numbi. Bokungu njo alikuambia?"

"Bantu yote banayua."

"Bantu yote banakosa pamoja. Sikia. Weka mu kichwa mabeseni mbili, moja juu, ingine chini yake. Mushahara yako inaingia kwanza mu ile ya juu. Mule Leta inatwala na kijiko. Beseni ikiyala, maji inamwangika mu ile ya chini. Mule mu ya chini, Leta inatwala na kikombe. Unaona?"

"Naona."

"Sasa: kwa kuwa maji ilifika mu beseni ya chini, Leta itarudia ku ile ya juu na kikombe?"

Mbayo alifikiri. "Itarudia?"

"Apana! Kule juu ni kijiko tu, mupaka mwisho. Kikombe ni ya chini peke yake. Donc saa ya zaidi inakatwa nguvu, ni kweli, inakatwa kupita zile zingine. Mais haiwezi kukufanya urudie na kidogo kupita mwenye alienda kulala. Ile inabakia ni yako."

"Hata siku moja haiwezi?"

"Kwa impôt, hata siku moja." Akavua miwani, akaipangusa kwa kitambaa cha shingoni. "Ile siku ya posho mchana, mbele, ulikuwa unafanya nini?"

"Shamba tu, mama."

"Ah," akasema Madame Léa, akarudisha miwani yake, akarudi kwenye karatasi zake.

Mbayo alitoka amepona. Alipita sokoni, akanunua manjanja mawili, akayafunga kwenye kinga kwa kamba ya mpira, akaisukuma mupaka nyumbani huku yanalia kama radi ndogo kila penye shimo. Watoto walisikia toka mbali. Siku ya Mungu, walipotoka misa, aliyapigilia mwenyewe, na usiku Christelle akarudisha kitanda mahali pake. Yalifunika upande wa Numbi na wadogo wawili. Pale penye tone kubwa palibaki majani.

Zamu ya nne ikapita, pesa zikaenda. Ya tano ilikuwa yake.

Alikuwa amemwomba chef Jumamosi ile moja, na chef alikubali kwa uso uliokunjamana. Christelle alipika bukari ya watu wengi, samaki wakavu kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, sombe ya majani ya mihogo, na munkoyo chungu kizima. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha mara mbili na bonde lilikuwa linanuka udongo mpya. Mashamba ya njia nzima yalikuwa yamegeuzwa, meusi, mengine vijiti vya mahindi vilishatoka. La Mbayo lilikuwa majani matupu, yamemfika magotini.

Wakaweka vyombo chini ya kivuli, wakangoja. Mbayo alianza kona moja peke yake, ili wakifika wasimkute amekaa. Kila akisikia sauti njiani alinyanyuka. Walipita wanawake na kuni. Alipita mtu na mbuzi. Kivuli kilishahama kutoka juu ya vyombo, Christelle akavisogeza, kikahama tena.

Kisha akaja Nkulu, peke yake, juu ya kinga. Hakuwa na jembe.

"Wafwako, Papa Numbi. Mama Numbi, wafwako."

"Eyo, Nkulu. Benzako wako wapi?"

"Minyi njo banatuma." Akasimamisha kinga vizuri, akatoa mfukoni mwa shati kifurushi kilichofungwa katika plastiki ya sukari. Akakishika kwa mikono miwili, akamnyoshea. "Hii ni makuta yako. Yote iko. Hatukuikula hata kidogo."

Mbayo alidhani ni mchezo. Akacheka. Nkulu hakucheka.

"Makuta ya nini?"

"Ile ulikuwa unatuma. Mara ya kwanza tulisema, labda iko mugonjwa, mutu haongeaka ugonjwa yake mbio. Tukaiweka. Kisha tukasikia hauko mugonjwa, uko ku kazi. Tukaikala kuzungumuza. Mwila akauliza: sasa shamba yake tutaenda kulima namna gani? Tukienda bure, ni kusema siye tuko batumishi yake. Tukikula makuta, ni kusema tuko bajournalier, bantu ya kibarua, yeye ni patron. Ndugu yetu njo atakuwa wapi? Tukaona muzuri tufanye vile weye ulifanya. Ulituma makuta. Na siye tunatuma makuta."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Hilo njo lilimwumiza Mbayo. Kama Nkulu angekuja na matusi, angepata la kujibu.

"Mais juu ya nini hamukuniambia?" akauliza mwishowe.

"Weye ulituambia?"

Christelle alikuwa ameshika mwiko. "Na hii bukari yote?"

"Bukari nitakula, mama," Nkulu akasema. "Makuta njo sikukula. Minyi niko na njala."

Akakaa, akanawa, akala vizuri, akasifu sombe. Mbayo alikaa karibu yake lakini mkono wake ulikuwa unakunja pindo la shati. Kifurushi kilikuwa juu ya goti lake. Kilikuwa na uzito wa mtu wa kibarua kwa siku nne, lakini kibarua wa kumpa hakuwapo. Juma lile mikono yote ilikuwa imeshachukuliwa. Hata wake za askari kule Base walikuwa wanazunguka mtaani na bei ya mara mbili na kurudi bila mtu.

Akaangalia majani. Akafanya hesabu ambayo Madame Léa hakuifanya, kwa sababu hakuna mtu aliyempa. Saa za zaidi, toa kikombe cha Leta: manjanja mawili, na kama ataendelea mupaka wagoni ziishe, labda manjanja mengine mawili. Madame Léa hakumdanganya, hata kidogo. Kilichobaki kilikuwa chake kweli. Lakini upande wa pili kulikuwa na mahindi ya mwaka mzima, ambayo Leta haitii ndani kijiko wala kikombe, na watu wanne ambao walikuwa wakimwita ndugu. Alikuwa ameogopa mkono wa Leta, usiokuwa na hatia, na mkono wake mwenyewe, uliotuma pesa badala ya jembe, hakuutazama.

"Nkulu," akasema. "Nikitaka kurudia, njia iko?"

Nkulu alilamba vidole. "Kwa Mwila kunabakia kipande, ngambo ya mutoni, hatukuimaliza. Siku ya posho inakuya tuko kule. Ingine tuko kwangu, mu mihogo. Ukuye. Kisha tutafika huku."

"Mvula itangoja?"

"Ile minyi siyue. Udongo yako inashika maji. Labda nusu utaiokoa." Akasimama, akapangusa suruali. "Mais ukuye na jembe, Papa Numbi. Usitume mutu."

Usiku ule waliangalia juu, pale palipobaki majani. Christelle alisema tu, "Tone litabakia," na Mbayo akasema, "Tutaweka beseni," na wote wawili wakacheka kidogo bila kutaka.

Juma lile lilikuwa refu. Kila siku alifika kazini, alishona, alirudi, alipiga kofia. Jumamosi alitoka nyumbani na jembe limefungwa kwenye kinga, akaliacha kwa mlinzi wa mlango wa kinu. Mlinzi aliliangalia, akamwangalia yeye, akaliegemeza ukutani.

Saa sita, chef akapiga kile kipande cha reli kinachoning'inia uani. Siku zile zote kengele hiyo ilikuwa haina maana tena. Watu walikunywa maji, wakanyosha migongo, wakarudi mahali pao. Mashini zilikuwa hazijazimwa. Mbayo alimaliza gunia lililokuwa mbele yake, akakata uzi, akaufunga fundo ili asiyejua asije akauvuta wote, akavua kofia.

"Ndeko, unaenda kukojoa?" Bokungu akauliza.

"Naenda kwa Mwila."

"Mwila gani? Wagoni mbili zinabakia! Impôt njo inakuogopesha? Si mama Léa alikufundisha mabeseni, ukatufundisha siye wote?"

"Impôt haina mubaya," Mbayo akasema. "Mabeseni ni kweli. Weye baki, ni makuta ya muzuri."

Bokungu alimwangalia kama mtu anayesikia redio ikisema jina lake.

Chef akaja. "Mbayo. Unayua nilikubali siku moja, sikukubali mbili. Ukipita ule mulango, nitaweka mwingine pa mashini yako kila siku ya posho, na supplémentaire usikuye tena kuniomba mwaka huu. Siku za kazi, uko mutu yangu kama zamani. Hii, apana."

"Nasikia, chef."

"Unasikia, ama unaelewa?"

"Naelewa, chef. Aksanti."

Akapita katikati ya magunia. Nyuma yake alisikia mashini inaanza, mshono wa mtu mwingine, unasimama, unaanza, unasimama, uzi unamkatikia. Mguu wake ulitaka kugeuka kwenda kumwonyesha. Hakugeuka. Mlangoni alipiga kofia kwenye nguzo ya chuma, mara tatu, unga ukaruka na upepo ukauchukua upande wa reli. Mlinzi akampa jembe lake. Akapanda kinga, akashika njia ya Kaniama. Mbele, upande wa mashamba, mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Hakurudi kinuni Jumamosi ile. Ile iliyofuata, kengele ya reli ilipolia saa sita na Mbayo akashika njia ya mihogo ya Nkulu, mahali pake palikuwa na kijana ambaye alikuwa ameshajifunza kufunga fundo.